Nilikuwa "Mmarekani" kila Jumamosi: miezi kumi ya uchochoroni China, miaka minne halali Thailand. Uzi kwa wanaotaka kwenda kufundisha Kiingereza

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Haipiti wiki bila mtu kuuliza humu: "Nasikia Asia kuna kazi za kufundisha watoto Kiingereza, hata kama hujasomea ualimu, naendaje?" Majibu ni yale yale. Nusu wanasema panda ndege leo, nusu wanasema ni utapeli mtupu. Mimi nimefundisha China miezi kumi kwa njia ya panya, kisha Thailand miaka minne kwa njia halali, na bado nipo. Nitaandika zote mbili. Naanza na ile ya panya kwa sababu ndiyo watu hawapendi kuisimulia wakirudi na begi jipya.

Nitashusha kwa vipande. Nikiwa na kipindi nitapotea, mnivumilie.

Kipande cha kwanza: stoo ya maputo

China nilikwenda kusoma, siyo kufundisha. Shahada ya uzamili, ufadhili, viza ya mwanafunzi, posho ya kula na kulala. Mwezi wa pili jamaa mmoja wa bwenini akaniuliza, "Jumamosi una nafasi?" Nikasema ninayo. Kazi ni kufundisha watoto Kiingereza kituoni, yuan 150 kwa saa, saa sita kwa siku. Nikazidisha kichwani, 900. Kwa siku moja! Posho ya chuo nikaanza kuiona kama nauli.

Usaili ulikuwa picha. Ejenti hakuomba cheti wala hakutaka kusikia Kiingereza changu, aliomba picha. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba wazazi wanapendelea mzungu, ila mimi natabasamu vizuri, atajaribu. Kilichofuata ni sharti moja: wakiniuliza, natoka Marekani.

Basi nikawa Mmarekani kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Wiki ya tatu mama mmoja akaniuliza jimbo gani. Nikataja Ohio, sijui kwa nini, ndilo lililotangulia kufika mdomoni. Mama akaruka kwa furaha, shangazi wa mtoto anaishi huko huko! Tangu siku hiyo kila Ijumaa usiku nilikuwa nasoma hali ya hewa ya Ohio kama mtu mwenye shamba kule.

Watoto wenyewe walikuwa raha tupu. Miaka minne hadi saba, kumi na wawili darasani, wananiita "waijiao", yaani mwalimu wa kigeni. Wiki ile ninayotaka kuwasimulia nilikuwa nafundisha in, on na under. Mpira uko ndani ya boksi, juu ya boksi, chini ya boksi. Mara msimamizi akaingia amebadilika rangi, akazima muziki, akanishika mkono hadi stoo. Wakaguzi wamefika getini. Mlango ukafungwa. Mle ndani kulikuwa na magodoro ya chekechea, mifuko ya maputo, na harufu ya gundi.

Sikujua kwamba kuna mtoto amenifuata. Kibwana cha miaka mitano hivi. Alidhani ni mchezo wa kujificha. Akachuchumaa pembeni yangu, akaweka kidole mdomoni, halafu akaninong'oneza: "Teacher in the box?"

Sentensi yake ya kwanza kamili-kamili tangu aanze kituo kile, na siwezi hata kumpigia makofi.

Tulikaa mle karibu dakika arobaini. Yeye alikuwa anacheka kimyakimya kwa kuziba mdomo. Mimi nilikuwa nafikiria paspoti yangu iko droo gani.

Mdau 1

Tiririka mkuu, nimeshaweka kigoda. Hiyo ya Ohio nimecheka hadi watu ofisini wamegeuka.

Mdau 2

Kaka usitishe watu. Mimi niko Guangzhou mwaka wa tatu, viza ya masomo, nafundisha chekechea mbili na sijawahi kuguswa. Ukiwa mjanja unaishi.

Mleta uzi

Mdau 2, sikukatazi, wewe ni mtu mzima. Ila nikuwekee namba, maana mimi niliambiwa "ukikamatwa unapewa onyo tu" na nikaamini.

Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2013. Mgeni anayefanya kazi bila kibali anatozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000. Jambo likionekana zito, anawekwa kizuizini siku 5 hadi 15 juu ya hiyo faini. Na anaweza kuondolewa nchini. Mwajiri naye anatozwa 10,000 kwa kila mtu aliyemwajiri kinyume, jumla isivuke 100,000. Angalia hapo nani anaumia. Kituo kinalipa, kinafungua Jumatatu inayofuata. Wewe unapoteza masomo, ufadhili na nchi.

Halafu kuna hili watu hawalijui: mwanafunzi anaweza kufanya kazi ya muda kihalali kama chuo kimekubali na imeandikwa kwenye kibali chake cha ukaazi. Nilikuja kulijua baada ya yote. Ejenti wangu alilijua tangu mwanzo, lakini likiandikwa, yeye anakosa kazi ya kukuficha.

Na hata ukiwa mjanja, soko lenyewe limenywea. Julai 2021 serikali ya China ilizuia vituo vya masomo ya ziada kufanya biashara ya faida kwenye masomo ya shule, Kiingereza kikiwemo, na ikapiga marufuku kuwafundisha watoto wikendi na likizo. Wale waliokuwa wanafundisha watoto wa China mtandaoni wakiwa nje ya nchi nao wakazimiwa taa. Vilevile watoto wenyewe wanapungua. Mwaka 2016 walizaliwa zaidi ya milioni 17, mwaka 2023 wakazaliwa milioni 9.02. Chekechea zinafungwa. Mtu akikuambia "China wanahitaji walimu hadi wanalia", muulize amekaa huko mwaka gani.

Mdau 2

Hapo kwenye kibali cha chuo umenifungua macho, sikulijua. Ngoja nikaulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni kimyakimya.

Mleta uzi

Kipande cha pili: paspoti kwanza, Kiingereza baadaye

Hiki ndicho kipande kinachouma, kwa hiyo nakisema haraka.

Unaweza kuwa unaongea Kiingereza kuliko mtangazaji wa redio, haisaidii. Kuna nchi zinaangalia jalada la paspoti. Korea Kusini, viza ya E-2 ya walimu wa Kiingereza inakwenda kwa raia wa Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Ndiyo hivyo, Msauzi yumo, wewe wa kaskazini yake umeachwa nje. Tangazo likisema "Korea, wanachukua Waafrika", uliza Waafrika gani.

China nao orodha yao inafanana, na walio nje ya orodha mlango wao ni mwembamba: kama umesomea ualimu au Kiingereza chenyewe una pa kusimama, kama umesomea uhasibu itakuwa vigumu sana. Japani wana programu ya serikali ya JET tangu 1987, inayochukua walimu wasaidizi kutoka nchi nyingi, lakini inapita ubalozini na inataka mtu wa digrii na subira ya mwaka mzima.

Thailand na Vietnam ndiko wengi wetu tunapata upenyo. Siyo kwamba wanatupenda zaidi, ni kwamba sheria zao zinaangalia vyeti kuliko mahali ulipozaliwa. Shule yenyewe ndiyo inabagua, na hilo nitalifikia.

Upande wa Thailand, hivi ndivyo nilivyopita. Digrii, iwe halisi, watapiga simu chuoni. Cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, cha saa 120. Cheti cha polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu. Kwa sisi ambao hatukuzaliwa kwenye Kiingereza, alama za TOEIC, ule mtihani wa kupima Kiingereza, kwa kawaida wanataka kuanzia 600. Kadi ya njano ya homa ya manjano, hii usiisahau, uwanja wa ndege hawana utani nayo. Kisha viza ya kazi, Non-Immigrant B, na tangu Januari 2025 maombi yanafanyika mtandaoni. Unaingia na siku 90, shule inakuombea kibali cha kazi, ndipo uhamiaji wanakuongezea hadi mwaka.

Mimi nilipewa kijitabu cha bluu, kina picha yangu na jina la shule. Nililala nacho chini ya mto siku ya kwanza. Mtu aliyewahi kukaa stoo ya maputo atanielewa.

Lakini kina jina la shule, siyo lako peke yako. Ukiacha kazi, ruhusa ya kukaa nchini inakufa pamoja nayo. Kwa hiyo usigombane na mwalimu mkuu mwezi wa tatu kwa sababu ya feni. Kila siku 90 unaripoti uhamiaji unaishi wapi, ukichelewa ni baht 2,000. Ukizidisha muda wa viza ni baht 500 kwa siku hadi zifike 20,000. Na usipokuwa na digrii ya ualimu, shule inakuombea ruhusa ya muda kwa baraza la walimu, Khurusapha, miaka miwili miwili. Hapo ndipo nilipolazimika kurudi kusoma ualimu ukubwani, usiku, nikiwa na madaftari ya watoto mapajani.

Mdau 3

Mkuu, kwa hiyo asiye na digrii asahau?

Mleta uzi

Kihalali, kwa nchi nilizozitaja, ndiyo. Samahani, sina njia ya kuipaka sukari. Kuna shule zitakuchukua. Zitakuchukua kwa bei ya stoo.

Mdau 4

Naunga mkono mwenye uzi. Mimi ni Mkenya, niko Hanoi, Vietnam, mwaka wa pili. Huku pia ni digrii, cheti cha kufundisha, na barua ya polisi, zote zihalalishwe kabla utoke nyumbani. Mimi nilikuja na kopi nikidhani nitamalizia hapa, nikakaa miezi minne bila kibali nikila akiba yangu. Tena mjue huku kazi nyingi iko jioni na wikendi, mchana watoto wako shule yao. Jumamosi na Jumapili wenzako wakipumzika wewe una vipindi sita. Ila tarehe 20 Novemba, siku ya walimu, nilibebeshwa maua hadi nikashindwa kupanda pikipiki. Sijawahi kupewa ua hata na mwanaume.

Mdau 1

Dada hapo mwisho umetuumiza wanaume wote humu.

Mleta uzi

Asante dada, hilo la kopi ni madini matupu. Karatasi zihalalishwe nyumbani, Mambo ya Nje kwanza halafu ubalozi wa nchi unayokwenda. Kufanya hivyo ukiwa ugenini ni gharama mara tatu.

Kipande cha tatu: watoto

Sasa darasani.

Siku yangu ya kwanza Thailand ilikuwa Mei, muhula wa kwanza. Shule ya serikali, mji mdogo kaskazini mashariki. Saa mbili kamili asubuhi bendera inapanda na wimbo wa taifa, watoto wamepanga mistari, mimi nimesimama mbele najua nachunguzwa na macho mia sita. Nikaingia darasa la pili. Watoto arobaini na wawili, viatu vyote nje mlangoni. Wakasimama kwa mpigo: "Good mooorning teacher!" Nikajibu, nikawauliza hali. Wote kwa sauti moja, kama kwaya: "I'm fine thank you, and you?"

Nikafurahi, nikajua wanaelewa. Nikamuuliza mtoto wa mbele jina lake. "I'm fine thank you, and you?" Una miaka mingapi? "I'm fine thank you, and you?"

Ndipo nikagundua ukubwa wa kazi.

Mnaodhani kufundisha watoto wadogo ni kujua Kiingereza, nawahurumia. Kiingereza unachotumia kwa saa moja ni maneno kumi. Kinachotumika ni magoti, mikono, sura. Nilikuja na andalio la somo la kurasa tatu, limepangwa dakika kwa dakika, likaisha ndani ya dakika nane. Dakika arobaini na mbili zilizobaki nilizimaliza kwa kuiga wanyama. Tembo nilimfanya mara tisa.

Kilichonitoa ni vitu viwili. Cha kwanza, maagizo ya mwili: simama, kaa, gusa mlango, ruka mara tatu, lala usingizi. Unasema na kufanya, wanafanya, halafu unasema bila kufanya. Mtoto aliyekuwa kimya mwezi mzima utashangaa anakuwa wa kwanza kugusa mlango. Kumbe alikuwa anasikia muda wote, mdomo tu ndio ulikuwa bado. Cha pili, mpira wa kunata, ule unaourusha ubaoni unaganda. Bandika kadi za picha, mtoto arushe, ataje alipogonga. Mpira wa baht chache umefundisha Kiingereza kuliko mimi.

Halafu matamshi. Hapa sisi wa Kiswahili tuna jambo la kusema ambalo mzungu hana. Kithai hakina s mwishoni mwa neno, na l ya mwisho inageuka n. Kwa hiyo house inakuwa "hau", rice inakuwa "lai", football inakuwa "futbon", apple inakuwa kama "appen". Wao neno wanalikata mkia, sisi tunaliongezea. Sisi ndio watu wa "futiboli" na "baisikeli", hatuwezi kuacha konsonanti ikining'inia.

Basi siku moja nimechoka, nimerudia house mara ishirini, ikanitoka ya nyumbani: "hausi". Darasa zima: "Hausi!" S ile hapo, safi, ya kwanza tangu Mei! Nikaikamata hapo hapo. Tukasema "hausi" kwa nguvu, kisha i tukaipunguza, kisha tukainong'ona, kisha tukaimeza kabisa. Wiki mbili nikapata house kwa watoto zaidi ya thelathini. Kweli, kuna mmoja amebaki na "hausi" hadi leo, na akiniona sokoni ananiita "ticha naisi". Mwalimu mkuu ananitazama, mimi natazama juu.

Na jambo lingine. Mzungu aliyekuwa shuleni kwetu alikaa miaka mitatu hawezi kusema nyoka kwa Kithai, kwa sababu linaanza na ng', "ng'uu". Mimi nimekua na ng'ombe. Siku ya kwanza nilipolitamka, walimu wenzangu walipiga makofi kama nimefunga goli. Usiende ukifikiri lugha yako ni mzigo, kuna mahali itakubeba.

Mchana baada ya chakula chekechea wanalala. Godoro dogo, feni, mapazia. Saa nane wanaamshwa, wanapangwa mstari, mlezi anawapaka poda nyeupe usoni, wote. Unaingia kipindi cha saa nane unakuta nyuso thelathini nyeupe pe, macho bado mazito. Mmoja alinishika mkono akausugua na kidole chenye poda, akaangalia kidole, akaangalia mkono, akasugua tena. Hakuwa na ubaya wowote. Nilichukua poda nikajipaka na mimi. Akaangua kicheko, na kuanzia siku ile mlezi akawa ananiwekea kidogo.

Usiguse mtoto kichwani. Sisi kwetu ni baraka, kule kichwa kinaheshimiwa, na mguu usiuelekeze kwa mtu. Mimi mwezi wa kwanza nilikuwa napapasa vichwa kama shehe wa mtaa, hadi mwalimu mwenza akanivuta pembeni. Na usifoke. Mwalimu anayepayuka mbele ya watu ndiye anayeaibika, siyo mtoto. Nilijifunza kunyamaza. Ninasimama katikati nimenyamaza, wanaambiana "shhh" wenyewe.

Mdau 5

Mkuu, vipi mshahara? Tuambie ukweli bila kuficha. Na ubaguzi?

Mleta uzi

Nilianza na baht 25,000 kwa mwezi. Mzungu tuliyefundisha naye darasa moja, hana cheti cha ualimu, alianza na 35,000. Walimu wa Kifilipino, ambao wengi wao wana digrii ya ualimu na uzoefu kuliko sisi wote, walikuwa na 18,000. Sasa wewe pima. Chumba nililipa 4,000 pamoja na maji, umeme juu yangu. Chakula cha mchana shuleni bure. Niliweza kuweka akiba kama 8,000 kwa mwezi, wakati mwingine kumi. Siyo za kujengea ghorofa. Na uliza mkataba ni wa miezi 10 au 12, maana wapo wasiolipa likizo ya Machi na Aprili, na wewe unakula miezi yote.

Ubaguzi upo na haujifichi. Matangazo mengine yanaandika kabisa "wazawa wa Kiingereza tu". Niliwahi kufaulu usaili wa simu, wakaniambia njoo Jumatatu, nikawasha kamera tuagane, kazi ikawa imejaa. Shule siitaji, na wala siyo moja. Mimi huwa natuma picha kubwa na video ya dakika tatu nikifundisha, tangu barua ya kwanza. Atakayenikataa anikatae nikiwa bado kitandani kwangu, asinikatae nimeshakaa kwenye basi kwa saa tisa.

Ila niwe mkweli, kwa wazazi wa mji mdogo ubaguzi wao ulidumu wiki tatu. Juni kuna sherehe ya kuwapa heshima walimu, wai kru, kwa kawaida huwa Alhamisi. Watoto wanapiga magoti, wanakuletea maua yaliyopangwa kwenye sinia, na kati ya maua hayo kuna ua la bilinganya, kwa sababu linainama, ndiyo adabu ya mwanafunzi. Mzazi aliyekuwa akinikwepa getini ndiye aliyemshika mwanawe mkono kumleta kwangu. Kiswahili kikanitoka bila kujijua, "marahaba mwanangu".

Kinachonikera kuliko rangi ni alama. Kufelisha mtoto huku ni kazi nzito kuliko kumfundisha. Nilimpa mmoja alama alizopata, karatasi ikarudi mezani kwangu na tabasamu. Nikamfanyia mtihani wa marudio. Ikarudi tena. Mara ya tatu nikaelewa. Mpaka leo sijalikubali moyoni, lakini nasaini.

Mdau 6

Samahani kaka, shikamoo. Nimepata tangazo Telegram, kufundisha Kiingereza Bangkok, dola 1,500, hawataki cheti chochote, tiketi wanalipa wao. Niende?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. USIENDE. Soma hii taratibu.

Shule ya kweli haikulipii tiketi kabla haijaona digrii yako. Matangazo ya namna hiyo ndiyo yaliyowafikisha watu Bangkok, wakapakiwa kwenye gari hadi Mae Sot, wakavushwa mto kuingia Myawaddy upande wa Myanmar, paspoti zikachukuliwa, wakawekwa mbele ya kompyuta kutapeli watu usiku na mchana. Februari 2025 maelfu walitolewa kwenye kambi hizo, na kati yao walikuwemo Waethiopia na Wakenya wengi. Walioahidiwa ualimu, huduma kwa wateja, kuingiza data, wote walikutana mle.

Waombe jina la shule kwa Kithai, tafuta namba ya shule mwenyewe, siyo waliyokupa, upige. Waombe barua ya mwaliko wa viza ya Non-B. Wakikuambia "njoo kwa viza ya utalii tutamalizia hapa", zima simu. Hata kama ni shule kweli, ndiyo stoo ile ile.

Mdau 6

Nimewaomba jina la shule kaka. Wamenifungia.

Mdau 4

Heri wakufungie wewe kuliko wakufungie ndani.

Mleta uzi

Dada umemaliza.

Mdau 1

Mkuu swali la mwisho, Kithai ulijifunzaje? Na ile "555" wanayoandika ni nini? Kuna binti wa huko ananijibu 555 kila nikimtumia ujumbe, nimepiga hiyo namba haipatikani.

Mleta uzi

Hahaha, mkuu umenimaliza. Tano kwa Kithai ni "haa". 555 ni "hahaha". Anakucheka, sijui kwa uzuri au kwa ubaya, hiyo tafuta mwenyewe.

Kujifunza, mimi nilianzia kwenye saa, na hapa ndipo nilipojihisi nyumbani kwa mara ya kwanza. Wathai wa kawaida usiku wanahesabu kama sisi! Saa ya kizungu ikisema saba usiku, wao ni "thum" moja. Nane ni mbili, "song thum". Tisa ni tatu. Mwalimu mwenza aliponiambia tukutane "song thum" nikafika saa mbili usiku, kwa saa yetu, bila kuuliza. Mzungu alikuwa bado anahesabu vidole.

Na sasa hivi hapa ni saa moja na dakika hamsini asubuhi, bendera inapanda baada ya dakika kumi, na leo nina darasa la kwanza ambao bado ni "I'm fine thank you" wote. Nimebeba boksi na mpira, nafundisha in, on, under. Swali la TOEIC alilouliza mtu PM nitalijibu nikitoka.